Nyumba ya Askari Nayo Iwe Tayari

Askari yeyote aliyepita katika mafunzo anajua maana ya kukaguliwa mzigo. Kabla kikosi hakijaondoka, kila mtu huweka mbele yake chupa ya maji, chakula cha safari, blanketi, bendeji na viatu, naye mkaguzi hupita akitazama kimoja kimoja. Anayekosa chupa haulizwi kama ana hakika kwamba njiani kuna kisima. Huambiwa akaitafute mara moja, kwa sababu jeshi haliendi safari kwa kutegemea bahati. Polisi naye, kabla hajashika zamu, hukaguliwa sare, daftari na tochi. Mambo haya tumeyazoea hata hatuyafikirii tena.

Lakini tuulizane leo, ndugu zetu wa jeshi na polisi: ni nani kati yetu aliyewahi kuikagua nyumba yake mwenyewe kwa jicho lile lile? Maji yakikatika usiku huu, watoto watakunywa nini kesho asubuhi? Taa zikizimika, kiberiti kiko wapi? Mto ukiingia uani wakati baba yuko lindoni, mama atashika nini kwanza, na atakimbilia wapi? Tunaogopa kwamba katika nyumba nyingi za askari maswali haya hayana majibu. Mtu ambaye kazini hufunga mzigo wake kwa nidhamu, nyumbani huishi kama mgeni aliyefika jana.

Sisi tunasema kwamba matayarisho ya nyumba ya askari si jambo la jikoni tu. Ni sehemu ya ulinzi wa nchi, na katika makala hii tutaeleza kwa nini tunasema hivyo.

KISIWA KILICHOZIMA TAA

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya kutia watu hofu. Basi tukumbushane yaliyotokea, tena karibu sana na sisi.

Tarehe 14 Aprili 2020, wakati maji ya Ziwa Victoria yalipokuwa yamepanda kufikia kimo kilichokuwa hakijaonekana tangu 1964, kisiwa cha matete na magugu kilikatika, kikaelea mpaka Jinja na kuziba mitambo ya umeme. Nchi nzima ya Uganda ikaingia gizani. Hapakuwa na vita wala adui; palikuwa na majani tu. Miaka miwili baadaye, tarehe 8 Agosti 2022, maji yaliingia ndani ya jumba la mitambo ya bwawa la Isimba, na umeme ukaanza kugawanywa kwa zamu. Wazee wa kambini nao hawajasahau mwaka 2006, ambapo ziwa lilikuwa limepungua mno kwa ukame, mitambo ikakosa nguvu, na mitaa mingi ikawa inapata taa siku moja na kukosa siku ya pili. Kwa hiyo ziwa likijaa tunaweza kukosa taa, na ziwa likikauka tunaweza kukosa taa vile vile.

Upande wa Mbale, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu zaidi ya 20 na kuvunja mabomba makuu, hata mji uliozungukwa na maji ukakosa maji ya kunywa. Kule Kasese mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukarudi tena Mei 2020 na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Hebu tufikiri juu ya jambo hilo: siku wananchi walipoihitaji hospitali kuliko siku zote, hospitali yenyewe ilikuwa miongoni mwa majeruhi.

Na tukivuka mpaka kidogo tunafika Goma. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima Nyiragongo ulilipuka bila ya onyo lililowafikia wananchi. Moto wa mlima uliteremka mpaka pembeni mwa mji, ukaharibu tangi kubwa la maji na mabomba yake, na watu wapatao nusu milioni wakabaki bila maji safi. Siku tano baadaye serikali ya mkoa ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe, na barabara za kwenda Sake na za kuelekea Rwanda zikajaa watu waliobeba magodoro vichwani. Katika mkanyagano huo mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao.

Hayo yote si hadithi za kale. Askari wengi wanaosoma ukurasa huu walikuwapo, ama kama waokoaji, ama kama waliookolewa.

HUDUMA MOJA HUVUTA NYINGINE

Jambo ambalo watu wengi hawalitambui mpaka limewafika ni kwamba huduma hizi zimefungamana kama nyuzi za kamba. Uzi mmoja ukikatika, mingine nayo hulegea.

Mfano mkubwa ni wa ndugu zetu wa Unguja. Umeme wa kisiwa hicho hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 ulikatika kwa takriban mwezi mmoja. Tena mwezi Desemba 2009 ukaharibika, na kisiwa kikakaa gizani kwa muda wa miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Wengi walidhani kwamba watakosa taa tu. Walichogundua ni kwamba pampu za maji pia huendeshwa kwa umeme, kwa hiyo mifereji ikakauka. Samaki na nyama vilioza kwenye majokofu, na wenye biashara ndogo ndogo wakafunga milango.

Leo fungamano hilo limekuwa kubwa zaidi. Mshahara wetu uko ndani ya simu. Simu ikikosa umeme, au mnara wa simu ukizimika, mwenye pesa na asiye na pesa wote wako sawa mbele ya duka. Habari za hatari nazo tunazitegemea simu hiyo hiyo. Tumezifunga roho zetu zote kwenye uzi mmoja, kisha tunalala usingizi.

MTU MWENYE SARE NA MSTARI WA MAJI

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Kwa nini tunasema na askari na polisi, badala ya kusema na wananchi wote kwa jumla?

Ni kwa sababu siku ya msiba, mwananchi wa kawaida hubaki na jamaa yake, lakini askari huitwa. Bududa ilipoporomokewa na mlima mwezi Machi 2010, wanajeshi walipanda kule Nametsi na kuchimba matope kwa majembe na koleo, kwa kuwa mashine kubwa hazikuweza kufika. Kilima cha taka cha Kiteezi kilipoanguka tarehe 10 Agosti 2024 na kufunika nyumba za watu, polisi waliitwa kufukua. Kazi hiyo haisubiri mtu amalize kuteka maji kwake. Kwa hiyo nyumba ya askari ndiyo nyumba ambayo siku ya hatari itakuwa haina baba, na pengine haina mama, maana siku hizi wake kwa waume wamo katika vikosi.

Askari aliyeacha nyumba isiyo na kitu anakwenda kazini na nusu ya moyo. Anachimba hapa, mawazo yako kule. Kila dakika anatafuta ruhusa ya kwenda kutazama watoto, na akinyimwa, huenda akatoroka. Tusimwite msaliti upesi. Mtu yeyote mwenye watoto anaelewa. Lakini pale alipotoroka pamebaki pengo, na katika pengo hilo mtoto wa mtu mwingine anaweza kufa.

Kuna hatari nyingine iliyo mbaya zaidi, nasi hatutaificha. Wazee wetu wanaikumbuka miaka ya 1970. Baada ya 1972, biashara ilipovurugika, sukari, chumvi na sabuni viliadimika nchini Uganda, na neno magendo likawa neno la kila siku. Watu walipanga mstari tangu alfajiri. Katika miaka hiyo mwenye sare alikuwa hapangi mstari. Alipita mbele, akachukua, akaondoka, na wakati mwingine alichochukua kiliuzwa jioni kwa bei mara tatu kwa wale wale waliosimama mstarini. Wananchi walinyamaza, lakini hawakusahau. Jeshi linaweza kushinda vita na bado likashindwa mbele ya mlango wa duka.

Mtu hafiki kwenye uovu huo kwa siku moja. Mara nyingi huanza na mtoto anayelia njaa na baba mwenye bunduki. Ndiyo maana tunasema kwamba jerikani ya maji iliyojazwa mapema ni sehemu ya nidhamu. Askari ambaye kwake kuna maji ya siku tatu anaweza kusimama kwenye mstari wa maji na kulinda zamu ya kila mtu bila tamaa. Yule ambaye kwake ni pakavu atakuwa mlinzi na mshindani wakati huo huo, na hakuna mtu aliyeweza kazi hizo mbili pamoja.

MAJI KWANZA

Tuanze basi na ukaguzi wenyewe, na tuanze na maji, kwa kuwa mtu huvumilia njaa kwa siku nyingi lakini kiu haivumiliki.

Kwa kunywa na kupikia, kila mtu awekewe lita 4 kwa siku. Nyumba ya watu 6 kwa siku 3 huhitaji lita 72, yaani jerikani 4 za lita 20. Hilo si jambo la kumshinda hata kuruta. Jerikani hizo zioshwe vizuri, zijazwe, zifungwe, ziwekwe kivulini, na maji yabadilishwe mara kwa mara. Yanayomwagwa yatumike kufulia. Kwa kuoga, kufua na usafi wa choo yanahitajika maji mengine, nayo yawekwe katika pipa mbali na ya kunywa, watu wasiyachanganye gizani.

Maji yasiyoaminika yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika 1. Katika milima iliyozidi mita 2,000, kama sehemu za Kigezi, iwe dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Yenye matope kwanza yaachwe yatulie, kisha yachujwe kwa kitambaa safi. Kuni zikikosekana, chupa nyeupe za plastiki zinazopenya mwanga zijazwe maji maangavu na kulazwa juu ya bati kwenye jua kali kwa saa 6. Siku za mawingu, kwa siku 2. Vidonge vya kutia katika maji vifuatwe kama yalivyoandikwa maelezo yake, bila kukisia.

Mvua nayo ni hazina tunayoiacha ipite. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa dogo la mita 4 kwa 5, kwa mvua ya milimita 10, humwaga lita zipatazo 200, yaani jerikani 10. Kinachotakiwa ni mfereji wa bati na pipa lenye mfuniko. Maji ya mwanzo yanayoosha vumbi la paa yaachwe yapite.

Maharisho ndiyo adui anayefuata nyuma ya maji machafu, na huwaua watoto upesi kwa kuwakausha. Kila mama na kila baba ajue kwa moyo dawa hii: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa kwa mganga. Na kando ya choo liwekwe dumu dogo lenye tundu la kuchuruzisha maji, pamoja na sabuni au majivu, ili mikono ioshwe kwa maji machache.

CHAKULA, MOTO NA DAWA

Kuhusu chakula hatuna maneno mengi, kwa sababu akina mama wanajua kuliko sisi. Unga wa mahindi, maharagwe, muhogo mkavu, karanga, dagaa wakavu na chumvi hukaa vizuri vikiwekwa mahali pakavu, juu ya sakafu, ndani ya vyombo vilivyofungwa panya wasivifikie. Cha zamani kiliwe kwanza, kipya kiwekwe nyuma. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, yatapikika kwa makaa machache.

Lakini juu ya moto tuseme kwa sauti. Katika siku za giza, watu wengi huepuka hatari moja wakaangukia nyingine. Jiko la makaa, yaani sigiri, lisiingizwe katika chumba walimolala watu, hata kama kuna baridi, hata kama makaa yameacha kutoa moshi. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haisikii, na asubuhi haamki. Mashine ndogo ya umeme inayotumia petroli nayo ina sumu hiyo hiyo. Mahali pake ni nje, mbali na dirisha.

Mshumaa na kibatari visiachwe na watoto wala visiwekwe karibu na chandarua. Katika kambi za polisi bado wapo wanaozijua vizuri zile nyumba za bati za mviringo, zenye mlango mfupi hata zikaitwa "mama ingia pole". Pale ambapo kuta zimekaribiana hivyo na vitanda vimegawanywa kwa mapazia, moto hauhitaji dakika nyingi. Taa ndogo ya jua, inayowekwa nje mchana na kuwaka usiku, ni bora kuliko mishumaa mingi. Ndoo ya mchanga nayo iwe karibu na jiko.

Aliye na dawa ya kila siku, kama ya shinikizo la damu, kisukari, kifafa au UKIMWI, asingoje kidonge cha mwisho ndipo aende hospitali. Barabara ikikatika, kila siku aliyotangulia itakuwa faida. Mwenye dawa inayotaka ubaridi, jokofu likizimika, aiweke ndani ya mtungi wa udongo wenye unyevu, kivulini, akitunza isilowane, na amwulize mganga wake mapema namna ya kufanya.

KARATASI NA MAHALI PA KUKUTANA

Tulimjua koplo mmoja aliyekuwa katika kazi ya nje ya nchi wakati mto ulipoingia katika mtaa alimoipangia familia yake. Mkewe alitoka salama na watoto, jambo ambalo tunamshukuru Mungu. Lakini hakujua namba ya jeshi ya mumewe. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa na karatasi za benki vilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, navyo vikaondoka na maji. Kwa majuma mengi alikwenda ofisi hii akatumwa ile, akiulizwa kila mahali athibitishe kwamba yeye ni mke wa yule anayedai kuwa mumewe. Koplo alipopata habari kule ugenini, alikuwa na bunduki, radio na makamanda, lakini hakuwa na njia ya kumsaidia mkewe mwenyewe.

Tulimwuliza baadaye kwa nini hakumwachia mkewe namba yake. Akatujibu, "Sikutaka ajue mambo ya kazi." Ndugu zetu, siri za kazi zinafahamika, na kila askari ameziapia. Namba ya mume si siri kwa mke wake. Mtu anayeficha karatasi za nyumba kwa mwenzake amemfungia mlango siku ya moto.

Kwa hiyo vyeti vyote viwekwe katika mfuko mmoja wa plastiki usiopenya maji, mahali pa juu, na kila mtu mzima apajue. Nakala moja ikae kwa ndugu mwaminifu kijijini. Katika mfuko huo ziwekwe pia namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu juu ya karatasi, kwa sababu simu ikifa inakufa pamoja na majina yote, na fedha taslimu kidogo, noti ndogo ndogo, kwa siku ambayo simu haitalipa. Redio ndogo ya betri iwepo, na betri zake zisikae ndani ya redio mpaka zikavuja.

Tukumbuke watoto wa Goma. Kila nyumba iwe na mahali pawili pa kukutana: pa kwanza karibu, kama mti mkubwa au uwanja wa kwata, pa pili mbali, kama kanisa, msikiti au shule iliyoko mahali pa juu. Mtoto afundishwe jina lake lote, jina la baba na mama, na kikosi au kituo chao. Aliye mdogo mno aandikiwe majina hayo na kushonewa ndani ya nguo siku ya kuhama.

Na baada ya kuweka yote, fanyeni zoezi. Sisi wenyewe tulilifanya. Jioni moja tulizima swichi kubwa ya nyumba bila kuwaambia watoto, tukafunga na mfereji, tukasema hatufungui mpaka asubuhi. Tuliokuwa tukiandika kwa fahari juu ya matayarisho tukagundua kwamba tochi ilikuwapo lakini betri zilikuwa zimehamia kwenye redio, kiberiti kilikuwa juu ya kabati ambalo ni baba tu aliyelifikia, naye baba alijigonga mguu akikitafuta, na katika jerikani nne tulizojivunia, mbili zilikuwa tupu. Watoto walicheka sana. Lakini juma la pili, zoezi liliporudiwa, binti mdogo ndiye aliyewasha taa kabla hatujasimama. Zoezi la usiku mmoja lilitufundisha kuliko makala kumi, na hii ikiwa mojawapo.

AKIBA SI MAGENDO

Hapa lazima tuondoe kosa moja. Wapo watakaosoma haya wakakimbilia dukani kesho asubuhi kununua magunia kumi. Huyo hatukumwambia afanye hivyo.

Akiba ni kile unachokiweka kidogo kidogo wakati kitu ni tele, kwa ajili ya wale waliomo nyumbani mwako na jirani aliye dhaifu. Ulanguzi ni kukusanya wakati kitu ni haba, kwa hesabu ya shida ya mwenzako. Anayeongeza kopo moja la maharagwe kila mwisho wa mwezi hapandishi bei ya mtu. Anayejaza stoo siku tangazo la mafuriko linaposomwa redioni anamnyang'anya mjane. Tofauti haiko katika wingi wa magunia peke yake, bali pia katika siku yalipokusanywa na nia iliyoyakusanya.

Tunajua vilevile kwamba mshahara wa askari wa chini ni mdogo, na kwamba karo na kodi humaliza fedha kabla mwezi haujaisha. Hatusemi vitu vyote vinunuliwe kwa pamoja. Mwezi huu jerikani, mwezi ujao taa, mwezi wa tatu mfuko wa karatasi, ambao bei yake ni ndogo kuliko soda. Haba na haba hujaza kibaba. Vyama vya akiba na mikopo tunavyo, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi. Mkopo mdogo wa pipa la maji ya mvua ni bora kuliko mkopo mkubwa wa sherehe.

WAJIBU WA WAKUBWA

Itakuwa si haki kumtwika koplo na konstebo mzigo huu wote, kisha tukawaacha wakubwa wao. Kamanda anayekagua viatu vya askari lakini hajui kama mfereji wa kambi una maji, amekagua nusu tu ya jeshi lake. Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne.

Kwanza, askari anayepelekwa mbali, iwe Somalia, mipakani au mkoa mwingine, apewe siku 2 kamili kabla ya safari kwa ajili ya kuitengeneza nyumba yake, na siku hizo zihesabiwe kuwa za kazi. Pili, kila jengo jipya la kambi lijengwe na mifereji ya paa na tangi. Tatu, kila safu ya nyumba ichague mama mmoja anayeheshimika awe mkuu wa safu, mwenye orodha ya wajawazito, wagonjwa, wazee na watoto, ili siku ya hatari wasisahaulike. Nne, nyumba zikaguliwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua kubwa za Machi na kabla ya zile za Septemba. Ukaguzi huu usiwe wa kuadhibu. Afisa akiingia nyumba isiyo na jerikani, asimfokee mama mbele ya watoto wake. Aulize kwa adabu imekosekana kwa nini, na kama sababu ni mshahara uliochelewa, basi kosa aliandike katika daftari lake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba serikali ndiyo yenye wajibu wa maji na taa. Ni kweli, nasi hatutaacha kuikumbusha. Lakini serikali siku ya gharika ina miguu na mikono, na miguu na mikono hiyo ni wewe, ndugu askari. Mtu hawezi kuingoja serikali wakati yeye ndiye anayetumwa na serikali.

Mabaharia wetu wa pwani wana usemi kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Askari naye, akikesha lindoni, akivuka mipaka, akivishwa nishani, marejeo yake ni mlango ule mmoja ambao nyuma yake kuna mke au mume, watoto, na pengine mama mzee. Ameulinda mlango wa kila mtu. Akirudi jioni ya leo, kabla hajavua viatu, azihesabu jerikani zake.